Fizikia niliyoiacha kidato cha tatu

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, steshenari yangu hapa Morogoro hugeuka ofisi ya ushauri. Ushauri wenyewe sikuusomea. Nina kompyuta mbili, printa, skana na benchi la wateja, nyuma kidogo ya stendi ya daladala, na bango langu linasema fotokopi, kuchapa, picha za pasipoti na maombi ya vyuo. Hayo maombi ya vyuo ndiyo yanayonichelewesha kufunga duka.

Mwezi wa pili alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Matombo, ameongozana na binti yake. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi na kutoa bahasha ya kaki aliyokuwa ameikunja mara mbili. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu, matokeo ya binti, yamechapwa kutoka tovuti ya Baraza la Mitihani. Dirisha la maombi ya vyuo lilikuwa bado halijafunguliwa, lakini kuna mtu alimwambia nafasi huwahi kwisha.

"Nataka umwombee unesi," akaniambia. "Chuo chochote, ila kisiwe mbali sana."

Nikasoma ule mstari wa matokeo. Uraia C, Historia D, Jiografia C, Kiswahili B, Kiingereza D, Baiolojia C, Kemia C, Hesabu F. Divisheni ya tatu ya pointi 22. Si matokeo ya kuonea aibu hata kidogo. Nikausoma tena, safari hii kwa kidole, nikitafuta kitu ambacho tayari nilijua hakipo.

"Mzee, Fizikia iko wapi?"

"Hakuisoma hiyo. Shuleni waliambiwa anayetaka anaiacha."

Binti alikuwa anaangalia feni. Mimi nikajifanya natafuta faili kwenye kompyuta, kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi, nimesimama mbele ya dirisha la chuo, mwaka 2011.

Nieleze kwanza mambo yalivyo. Sekondari ya Tanzania ina masomo ambayo kila mwanafunzi anayabeba mpaka kidato cha nne: Hesabu, Baiolojia, Kiswahili, Kiingereza, Jiografia, Historia, Uraia. Fizikia na Kemia unazisoma kidato cha kwanza na cha pili, halafu mwanzoni mwa kidato cha tatu unaulizwa kama unaendelea nazo. Huo ndio mfumo uliotukuta sisi, mimi na huyu binti. (Mtaala sasa unabadilishwa, na wadogo zetu watakutana na mpangilio mwingine.) Anayeulizwa ana miaka kumi na mitano au kumi na sita. Wazazi wengi hata hawajui kwamba swali limeulizwa.

Kwetu liliulizwa siku ya Jumatatu, paredi. Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa amehamishwa tangu mwaka uliotangulia, na tulikuwa tunajifundisha wenyewe kwa daftari la kaka mmoja wa kidato cha nne. Mwalimu wa taaluma akasimama na karatasi, akasema wanaoendelea na sayansi wakae kulia, wa sanaa kushoto, na wanaotaka Kemia bila Fizikia waandike majina kwa monita. Rafiki zangu watatu wakaenda kwa monita. Palikuwa na msemo pale shuleni kwamba Fizikia inashusha divisheni, na kwamba bora uwe na masomo machache unayoyaweza kuliko mengi ya kukuaibisha. Nikaandika jina langu la nne. Zoezi zima halikumaliza dakika kumi, kisha tukaenda kufyeka majani.

Hakuna aliyesema kwamba pale tulikuwa tunachagua kazi. Wala sidhani kama mwalimu alituficha. Alikuwa na ratiba ya kupanga na walimu wachache wa kupanga nao.

Nilimaliza mwaka 2010, nikafaulu vizuri kuliko nilivyotegemea, na mama yangu mdogo ambaye ni muuguzi akasema nifuate njia yake. Nikapanda basi kwenda kuchukua fomu. Dada wa mapokezi aliangalia karatasi yangu kwa sekunde chache, akanirudishia. Nikamwambia nina Kemia, nina Baiolojia, Kiswahili nina A. Akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, hapa tunataka Kemia, Baiolojia na Fizikia." Nauli ya kurudi ilinitosha, chakula hakikunitosha.

Sharti hilo ndilo nililomsomea mzee wa Matombo kwenye kioo cha kompyuta. Stashahada ya uuguzi na ukunga inataka angalau ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, na ndani ya hayo manne ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Utabibu nao uko hivyohivyo. Ufaulu maana yake ni kuanzia D. Binti yake alikuwa na C za Kemia na Baiolojia, kiwango cha juu kuliko wanachodai, lakini C mbili haziwezi kuzaa D moja ya somo ambalo hukulifanya.

Hayo maneno "yasiyo ya dini" nayo yana wateja wake. Kila mwaka napata kijana mwenye ufaulu wa masomo manne kamili, na la nne ni Elimu ya Dini ya Kiislamu au Bible Knowledge. Tunahesabu pamoja kwenye vidole, tukifika la nne namwomba anyooshe vidole upya. Wengine hucheka. Mmoja alilia, nikafunga duka mapema.

Neno lenyewe "sifa" lina utani wake. Mtu mwenye sifa mtaani ni yule anayesifiwa, na mwenye kupenda sifa tunamsema pembeni. Kwenye tangazo la chuo sifa ni kitu kikavu: kipo au hakipo kwenye karatasi. Nimeona watoto wenye akili wakijieleza pale kwenye benchi langu kana kwamba wanaombewa kwa hakimu, jinsi walivyougua wiki ya mtihani, jinsi walivyokuwa wa tatu darasani. Mfumo wa maombi hauna kisanduku cha maelezo hayo. Unaingiza namba ya mtihani, inayoanza na S kama ulikuwa mwanafunzi wa shule na P kama ulikuwa mtahiniwa wa kujitegemea, na alama zinajileta zenyewe kutoka Baraza la Mitihani. Siwezi kuongeza hata nukta.

Mtu aliyenifundisha zaidi habari hii ni tabibu mmoja aliyekuwa anafanya kazi kwenye kituo cha afya nje ya mji. Alikuwa anakuja kuchapa ripoti zake, mtu mpole, mikono safi kila saa. Alisoma stashahada ya utabibu miaka mitatu, akatoka na GPA ya 3.8, akafanya kazi miaka sita. Wagonjwa wake wanamwita daktari na hakuna anayemsahihisha. Akaamua asomee udaktari wenyewe, shahada ya miaka mitano. Akaniletea nyaraka zote, pamoja na ile namba ya uhakiki kutoka NACTVET (baraza la taifa la elimu ya ufundi) ambayo kila mwenye stashahada anaiomba kabla ya kwenda chuo kikuu. Alikuwa amejipanga kuliko mteja yeyote niliyewahi kumhudumia.

Tukafungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, sehemu ya wenye stashahada. Anayetoka kwenye utabibu awe na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Hapo akatabasamu. Nikaendelea kusoma. Pamoja na hayo, awe na angalau D kwenye masomo ya kidato cha nne: Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza.

Alikuwa na F ya Hesabu.

Chuo cha utabibu kilipompokea, Hesabu ilitajwa kama nyongeza nzuri tu, si sharti. Kwa hiyo miaka tisa ile F ilikaa kwenye kabati, ndani ya plastiki, bila kumdhuru mtu. Amezalisha akina mama usiku kwa mwanga wa simu, ameshona vidonda, amekokotoa dozi za watoto kwa kilo. Kukokotoa dozi ni hesabu, nikamwambia. Akasema, "Ndiyo, lakini haina namba ya mtihani."

Mwaka uliofuata alijisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Novemba akaenda kukaa chumba kimoja na vijana waliozaliwa wakati yeye yuko darasa la saba, akafanya mtihani wa Hesabu peke yake, akarudi kituoni zamu ya usiku. Alipata C. Picha aliyonitumia ya ukurasa wa matokeo haikuwa na neno lolote.

Kisa chake kilinibadilisha namna ya kusoma masharti. Zamani mteja akija nilikuwa naanza na alichonacho: una nini, tutafute kozi inayokufaa. Sasa naanza mwisho. Namuuliza anataka kufanya kazi gani akiwa na miaka thelathini na tano, tunatafuta tangazo la ajira la kazi hiyo, halafu tunarudi nyuma ngazi moja moja mpaka kwenye karatasi yake. Inachukua muda na sina namna ya kuitoza fedha. Lakini ni huku kurudi nyuma kunakoonyesha kwamba kuna milango mitatu, na watu wengi wanaufahamu mmoja tu.

Wa kwanza ni wa chuo kukupokea, huo kila mtu anaujua. Wa pili ni wa kusajiliwa. Muuguzi anasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, daktari na Baraza la Madaktari baada ya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mtu mwenye shahada ya sheria bado si wakili. Anapita kwanza Shule ya Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na huko wengi wanakwama wakiwa wameshashonesha suti. Mhasibu mwenye shahada nzuri hukutana na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Sijawahi kupata mzazi aliyekuja kuulizia mlango huu kabla ya kulipa ada.

Wa tatu ni wa mwajiri. Fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira, nenda chini kabisa, sehemu ambayo watu huruka. Wanasema hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazitakubaliwa, wanataka cheti chenyewe. Yaani una shahada mkononi na leseni ukutani, na bado unaulizwa cheti cha mtihani ulioufanya ukiwa na kaptula. Nina wateja waliopoteza hicho cheti kwenye mafuriko au kwa mwenye nyumba, wakadhani kwa kuwa wana cha chuo mambo yamekwisha.

Kama kuna anayeona natia chumvi, akumbuke mwaka 2017. Serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wake, na Aprili mwaka huo Rais Magufuli akakabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Vilivyokuwa vinakaguliwa ni vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu. Walikuwemo watu waliokaa kazini miaka mingi. Siwatetei. Ila wiki ile hapa dukani nilitoa fotokopi za vyeti vya sekondari kuliko mwaka mzima uliotangulia, na watu wazima wenye magari walikuwa wanashika karatasi zile kwa mikono miwili.

Ngoja nigusie na pointi, kwa sababu zimeshaleta ugomvi mbele ya printa yangu. Kwa kidato cha sita Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, na kuendelea. Pointi zikiwa chache ndiyo furaha. TCU wanageuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, hapa zikiwa nyingi ndiyo furaha. Sasa udaktari unataka PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) yenye angalau D tatu, yaani pointi 6 za TCU. Baba mmoja aliingia anang'ara, kijana wake ana divisheni ya kwanza ya pointi 6, na amesikia udaktari ni pointi 6, basi mtoto amegusa mstari palepale. Nikamwambia hapana, mzee, huyu ana A, B na C, kwa TCU ni 12. Akanitazama kama tapeli. D tatu ndizo zinazoleta 6 za TCU, na hizo kwa Baraza la Mitihani ni 12. Sita ni kumi na mbili na kumi na mbili ni sita. Ilibidi niandike kwenye karatasi ya A4, na hata hivyo akaondoka akitikisa kichwa.

Nikamwambia pia, na hapa ndipo alipokasirika kweli, kwamba pointi 6 ni za kukuruhusu uingie kwenye foleni. Nafasi wanapewa waliotangulia kwenye foleni, na vyuo vinavyogombewa sana wanaotangulia wana alama nyingi kuliko hizo. Kwenye kitabu kimeandikwa kiwango cha chini, watu wanasoma kama ahadi.

Na aliyesoma CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) akidhani ni ndugu wa PCB? Baiolojia anayo, Kemia anayo, hata akipata A tatu udaktari haumpokei, kwa sababu ya ileile Fizikia. Tahasusi inajazwa kwenye fomu ya uchaguzi kabla hata ya mtihani wa kidato cha nne, na baada ya matokeo TAMISEMI hufungua nafasi ya kubadilisha. Hufunguliwa kwa muda mfupi. Wanaokuja kwangu kubadilisha hawajai kwenye benchi. Wanaokuja kulalamika, miaka miwili baadaye, husimama mpaka nje.

Turudi kwa mzee na binti yake. Nilimwonyesha kwamba kwa matokeo yale anaweza hata kuchaguliwa kidato cha tano. Hakutaka kusikia, alitaka mtoto awe na kazi, na aliniambia umri wake bila kuulizwa. Nikamwonyesha famasia. Stashahada ya famasia inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini zikiwemo Kemia na Baiolojia. Fizikia haimo kwenye sharti. Kwa karatasi ile ile iliyokuwa kwenye bahasha, binti angeweza kuomba dirisha likifunguliwa.

"Famasia ndiyo kuuza dawa?" akauliza mzee.

"Ni pamoja na kuuza, mzee. Kuna hospitali, kuna maduka ya dawa, kuna bohari."

"Kwa hiyo si nesi."

"Si nesi."

Akanyamaza. Nadhani alikuwa ameshamwona mwanawe kwenye sare nyeupe, na si mimi wa kumvua. Ndipo binti, ambaye tangu waingie hakuwa amesema lolote zaidi ya shikamoo, akaniuliza kama Fizikia inaweza kufanywa peke yake, bila kurudia masomo mengine.

Nikamwambia inawezekana. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea ulikuwa bado haujafungwa, mtihani ni Novemba, matokeo Januari, na alama hiyo moja ingeungana na hizi alizonazo. Nikamwambia pia ukweli mwingine: mimi nilijisajili hivyohivyo mwaka 2013, nikasoma jioni baada ya kazi kwa kitabu cha kuazima, bila mwalimu, nikapata F. Sikurudia. Nilikuwa nimeshaanza kuchapa barua za watu kwa shilingi mia tano ukurasa, na hela ilikuwa inaonekana.

"Ulikwama wapi?" akauliza.

Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikafikiri. Nikamwambia umeme, ile mada ya umeme, na mwendo wa vitu vinavyorushwa. Nikamwambia kuna mwalimu mstaafu anafundisha nyumbani kwake Kihonda, jioni, na wanafunzi wake huwa wanakuja hapa kutoa fotokopi za mitihani ya nyuma, kwa hiyo nina mafungu kwenye droo.

"Na Hesabu?" akauliza tena. "Kama nitakuja kutaka shahada."

Baba yake akamgeukia. Nikafungua kitabu cha mwongozo, ukurasa wenye masharti ya wenye stashahada, nikamgeuzia kioo asome mwenyewe. Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Akaomba kalamu, akaandika nyuma ya ile karatasi ya matokeo: Fizikia. Chini yake: Hesabu.

Mzee akauliza usajili wa masomo mawili ni shilingi ngapi.